Miguu na Mikono ya Jeshi

Neno: 1 Wakorintho 12:21-22

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Ukiingia makaburi ya Mbaraki hapa Mombasa utakuta wanajeshi wa vita vyote viwili vya dunia wamelazwa humo, kila mmoja na jina lake. Tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa kwamba mkubwa na mdogo wapewe heshima sawa. Kanuni safi, ina Injili ndani yake kuliko mahubiri mengine niliyowahi kuyasikia.

Wapagazi je? Katika vita vya 1914-1918 hapa Afrika Mashariki, inzi wa ndorobo (mbung'o) waliua wanyama wa mizigo, basi chakula na risasi vikabebwa kwa vichwa vya watu. Wengi hawakujitolea, walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa, malaria na kuhara damu kuliko kwa risasi, na wengi hawakuwekewa hata alama. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilikiri: watu wasiopungua 116,000 waliotumikia dola ya Waingereza, pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Hapa mjini ipo sanamu ya askari wa Kiafrika. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ya jina, na jina lenyewe hakuna!

Paulo anasema kichwa hakiwezi kuiambia miguu, “Sina haja na ninyi.” Jeshi lile halikusema hivyo. Lilikiri haja, likasahau mtu. Na sisi? Mhubiri mgeni tunamjua mpaka jina la babu yake. Anayelinda lango la kanisa usiku kucha tunamwita “soja”, basi. Wale kina mama wanaopika kila msiba, ni wangapi tunaowajua kwa majina?

Bwana anasema katika Isaya 49:16, “Nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu.”

Kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile, waulizeni wazee jina lake wangali hai, mliandike. Tutayasoma yote kwenye ibada ya katikati ya wiki, pamoja na jina la soja wetu.