Siku foleni ya SACCOS ilipohamia systemd

Seva ile ilikuwa na Ubuntu 22.04, na mfumo wa SACCOS uliandikwa kwa Laravel, mfumo wa kuundia programu kwa lugha ya PHP. SMS na taarifa za akiba za PDF ziliingia kwenye foleni ya Redis, hifadhidata ya haraka, kisha programu ya `php artisan queue:work` ikazichukua na kuzitekeleza moja moja. Fundi aliyetangulia aliiwasha ndani ya tmux, dirisha la terminal linalobaki wazi hata ukitoka kwenye seva. Seva ilipowashwa upya baada ya kusasisha kerneli, tmux ikapotea. Tovuti iliendelea kufunguka vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka wanachama walipoanza kuuliza SMS zao ziko wapi.

Nikaamua kuikabidhi kwa systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma za seva. Nikaandika `/etc/systemd/system/foleni@.service`. Alama ya @ inaruhusu kuwasha nakala kadhaa kutoka faili moja. Ndani niliweka `User=www-data`, `WorkingDirectory` ya mradi, na `ExecStart=/usr/bin/php artisan queue:work redis --timeout=240 --max-time=3600`. Andika njia kamili ya php, maana systemd haisomi `.bashrc` ya mtu, yaani faili la mipangilio ya terminal yake. Ukikosea, `systemctl status` itakuonyesha 203/EXEC, yaani systemd imeshindwa kuiendesha programu.

Kwa `--max-time=3600`, programu hujifunga yenyewe kila baada ya saa moja ili kuachia memori. Hujifunga kwa msimbo 0, yaani salama, hivyo `Restart=on-failure`, inayowasha upya ikifa kwa hitilafu tu, ingeiacha imelala. Nikaweka `Restart=always` na `RestartSec=5`. Bila hiyo ya pili, systemd husubiri milisekunde 100 tu; programu ikifa mfululizo Redis inapochelewa kuamka, mara 5 ndani ya sekunde 10 zinatosha systemd kukata tamaa.

Kuzima ndiko kulikonichukua muda. systemd hutuma SIGTERM, ishara ya kuomba programu ifunge, na Laravel, kiendelezi cha PHP kiitwacho pcntl kikiwepo, humalizia kwanza kazi iliyo mkononi. Lakini baada ya sekunde 90 huja SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo, na PDF kubwa zilihitaji kama dakika tatu. Tena `retry_after`, muda wa Laravel kabla ya kuirudisha kazi kwenye foleni, ilikuwa sekunde 90: kazi ikizidi hapo, nakala ya pili huichukua wakati ya kwanza bado inaifanya, na mwanachama anapata taarifa mbili. Kwa hiyo zipangwe kwa kupanda: `--timeout` (kikomo cha kazi moja) 240, `retry_after` 270, `TimeoutStopSec` (muda wa systemd kusubiri kabla ya SIGKILL) 300.

Kisha `systemctl daemon-reload` ili systemd isome faili jipya, na `systemctl enable --now foleni@1 foleni@2`. Nikaiua moja kwa `kill -9`. Baada ya sekunde 5 ikarudi na PID (namba ya mchakato) mpya. Nikawasha seva upya, na `journalctl -u 'foleni@*' -f`, inayoonyesha kumbukumbu za huduma hizo, ikaanza kumwaga SMS zilizokwama.