Mbele ya Mchoro wa Sargent, Lambeth

Jumba la makumbusho ya vita la Imperial War Museum, lililoko Lambeth Road mjini London, halitozi kiingilio, na hiyo ndiyo nafuu pekee niliyoipata katika mji ule, kwa kuwa chumba nilichopanga kilikuwa ghali na chenye baridi, na chai kwa kipande cha mkate ilinigharimu fedha ambayo Nairobi ingelisha familia mchana kutwa. Nilikusudia kutazama mizinga na ndege. Nikaipita ndege ya kivita ya Spitfire iliyoning'inizwa juu, nikapanda kwenye kumbi za sanaa, na huko nikakwama hadi jioni.

Kilichonikwamisha ni mchoro wa rangi za mafuta wa John Singer Sargent, alioukamilisha mwaka 1919, wenye upana wa mita 6 na ushee na kimo cha zaidi ya mita 2. Agosti 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu na Arras huko Ufaransa, Sargent aliwaona majeruhi wa gesi ya haradali, ambayo huchukua saa kadhaa kabla ya macho kuvimba na ngozi kutoka malengelenge. Amewachora wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakienda kwa mstari, kila mmoja ameweka mkono begani kwa aliye mbele yake, na wenzao wamelala chini wamerundikana. Askari mmoja ameinua mguu juu mno, kama mtu aliyeambiwa kuna kidato mbele naye hajui kina kimo gani. Mguu ule niliutazama kuliko kitu kingine chochote nilichokiona Uingereza.

Mlinzi wa ukumbi, mzee mpole, alinisogelea akaniambia nitazame katikati ya miguu yao. Kumbe kwa mbali kuna vijana wanacheza kandanda, wamevaa jezi, jua linatua! Kamati ya serikali ilikuwa imemwagiza Sargent aonyeshe Waingereza na Wamarekani wakipigana bega kwa bega, kwa ajili ya ukumbi wa kumbukumbu ambao haukujengwa kamwe; yeye akaleta vipofu na mpira, nao wakaupokea. Kwa hilo nawaheshimu.

Vita hivyohivyo vilifika kwetu Afrika Mashariki, na huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Novemba 25, 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi wa majeshi waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa makumi ya maelfu. Kwenye Kenyatta Avenue, Nairobi, yupo mmoja wao, wa shaba, pamoja na askari wawili, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1928, na magari humpita mchana kutwa. Anasimama wima, mwenye afya. Natamani wachoraji wetu wapewe ukuta wa mita 6, wamchore mpagazi huyo njiani, mzigo kichwani, homa mwilini, na wenzake waliolala kando ya njia wasiinuke tena.