Kutoka Dansi la Kirumba Hadi Ngoma za Bujora

Basi lilifika Nyegezi, Mwanza, jua linazama. Nikapanda daladala ya kwenda mjini na kumuuliza konda usiku huo bendi inapiga wapi. Nilimfafanulia kwamba sitaki diski za didjei, nataka bendi ya watu na vyombo vyao. "Shuka Kirumba, braza. Mlio wenyewe utakupeleka." Kweli ulinipeleka, hadi kwenye baa ya uani iliyobanwa na yale majabali ya Mwanza. Jukwaa la mbao liliegemezwa kwenye jiwe kubwa kuliko nyumba, na jiwe hilo lilikuwa likilirudisha besi kwa wasikilizaji safi kuliko spika zote nilizozizoea Dar.

Walikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi, tumba, dramu, na waimbaji wawili. Walipiga zilipendwa. Dansi letu lilikulia kwenye santuri za Kuba zilizoanza kuingia huku miaka ya 1930. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na baadaye miji ya bara nayo ikawa na majina yake makubwa: Tabora Jazz, Morogoro Jazz. Zilijiita jazi, zikapiga rumba, na kila mji ukaitia rumba hiyo ladha yake. Wimbo wa namna hii huanza taratibu, waimbaji wakieleza kisa chao. Kisha waimbaji hunyamaza, solo linashika usukani, na hapo ndipo panapoitwa kwenye chemko. Anayeondoka kabla ya chemko bado hajausikia wimbo.

Mpiga solo alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama. Nilimtazama sana mikono, kwa kuwa nilikaa meza ya mbele, na nikaona kwamba yeye haitazami kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye meza zetu. Akamaliza nyimbo mbili bila kuchemsha sawasawa. Ndipo mtu mmoja wa meza ya nyuma, kwa lafudhi Mjaluo wa Rorya, akapaza sauti: "Mzee wangu, tupeleke Shirati!"

Ombi hilo lina uzito wake pande hizi. Daniel Owino Misiani, aliyewatikisa Wakenya na benga yake, muziki wa gitaa wa Wajaluo, akiwa na Shirati Jazz, alizaliwa upande wetu wa mpaka, karibu na Shirati mkoani Mara, mwaka 1940. Alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya gari Kisumu. Katika benga gitaa linadonoa noti mojamoja kwa kasi, kama vidole vinavyotembea kwenye nyuzi nane za nyatiti, ala ya jadi ya Wajaluo, na besi haitulii nyuma, inajibu. Mzee alipoingia tu, meza nzima ya akina mama ikanyanyuka. Noti za elfu mbili zikaanza kubandikwa kwenye paji la uso wake, na kadiri alivyotunzwa ndivyo alivyozidi kurefusha. Wapishi wakaacha sato kwenye jiko la mkaa, wakaja kusimama mlangoni.

Wakati wa mapumziko nikamfuata. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza anajuaje saa ya kuchemsha.

"Naangalia miguu iliyo chini ya meza. Ikianza kucheza yenyewe, naingia. Isipocheza, namrudishia mwimbaji." Akanywa maji. "Kama unapenda mambo haya, kesho nenda Bujora. Kule ndiko watu wanashindania miguu."

Asubuhi nilipanda gari la Kisesa, barabara ya Musoma, kisha bodaboda ikanipandisha Bujora. Ilikuwa Juni, mavuno yako ghalani, msimu wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma za Kisukuma. Makumbusho ya Wasukuma yako hapo kilimani, kazi iliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kanisani kwake ngoma na nyimbo za Kisukuma ziliingia kwenye ibada, na sikukuu ya Ekaristi ikawa pia siku za mashindano ya ngoma. Namheshimu kwa hilo. Angeweza kuzipiga marufuku, kama wengi walivyofanya kwingine.

Mashindano ni kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyotokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi hucheza wakati mmoja, jirani kabisa, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anasifika kwa tungo zake na pia kwa dawa zake za mvuto.

Nilifika wakipasha ngoma. Kijana mmoja aliwasha nyasi kavu, akaigeuza ngoma kubwa juu ya moto, akaipiga kwa kidole kimoja, akasikiliza, akairudisha motoni. Alifanya hivyo hadi sauti ya ngozi ikapanda kutoka kwenye uzito hadi kwenye mlio mkavu. Kundi lake lilikuwa la majembe: bugobogobo, njuga miguuni, filimbi ya kiongozi, jembe linarushwa juu, linadakwa, na kishindo cha mguu kinaangukia palepale ngoma inapodunda. Nilisimama kwao muda mrefu. Mara upande wa pili wakatoa chatu, na nusu ya watu waliokuwa pembeni yangu wakakimbia. Wale wa majembe hawakuparamia kuongeza vituko. Manju wao alishusha sauti, ngoma zikapungua zikabaki mbili, akaimba peke yake. Watu wakaanza kurudi mmojammoja, nami nikajikuta nimesogea mbele bila kuamua.

Bendi zetu za mjini zikija hapa zitajifunza jambo. Siku hizi viti vya baa nyingi vinaelekezwa kwenye televisheni, bendi inapiga mgongoni mwa watu, kisha tunasema dansi limekufa. Bujora hakuna kiti. Asiyeridhika anavuka, na mpigaji anamwona akivuka.

Kwenye gari la kurudi mabishano yalianza hata kabla hatujaondoka. Mama mmoja aliyepakata mtoto alisema wa majembe wameshinda, wala hakuna mjadala.

"Mama, lakini wa chatu walijaza zaidi," nikamwambia.

"Walijaza watoto. Waliokuja kumtazama nyoka hawakuja kwenye ngoma, hao hawahesabiwi."

Mzee wa kiti cha nyuma akakataa: aliyevutwa amevutwa. Mimi nilimuunga mkono mama, na tulibishana hadi Igoma.