Kamba ya pili juu ya mti: lini inakushika, lini inakudanganya

Kupanda mti kwa kamba si kukwea mnazi. Mkwezi hujishikilia kwa miguu na mikono yake. Anayepanda kwa kamba hukaa ndani ya hanesi, yaani mikanda imara ya kiunoni na mapajani, na uzito wake wote unabebwa na kamba iliyopitishwa juu ya tawi. Mbinu hizi zilikuwa za mafundi wa kukata matawi, hadi Peter Jenkins alipoanzisha Tree Climbers International huko Atlanta, Marekani, mwaka 1983 na kuanza kuwafundisha watu wanaopanda kwa kujifurahisha tu. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo. Hatari kubwa ni ileile: kujikuta huko juu huna kinachokushika, hasa unapohama tawi.

Kila mwanafunzi huambiwa asifungue kishikizo kimoja kabla ya kufunga kingine. Ni kweli, ila wengi huishia kuhesabu karabina, zile pete za chuma zenye mlango. Karabina mbili kwenye tawi moja lililooza ni kishikizo kimoja. Kamba mbili zilizofungwa kwenye kitanzi kimoja cha hanesi kilichochakaa ni kishikizo kimoja vilevile. Akiba ni akiba pale tu ambapo kitakachoharibu cha kwanza hakiwezi kuharibu na cha pili.

Tuanze na kamba kuu. Mfumo unaowafaa wengi ni ule wa kamba inayozunguka tawi na kurudi kwako: ncha moja imefungwa kwenye karabina iliyo mbele ya hanesi, upande wa pili unashuka sambamba nayo, na fundo la Blake, linalosogea ukilisukuma na kubana ukiliwekea uzito, ndilo linaloukamata. Kamba iwe ya kupandia miti, unene wa milimita 11 hadi 13. Kwa nanga, yaani tawi lililobeba kamba, iliyo mita 15 juu unahitaji mita 30 za kwenda na kurudi, pamoja na ziada ya kufungia mafundo na kuhamia juu zaidi, hivyo mita 36 hadi 45 si nyingi. Katika mfumo huu kila upande wa kamba hubeba karibu nusu ya uzito wako, ndiyo maana fundo la Blake linatosha. Lipeleke lilivyo kwenye kamba moja iliyosimama, libebe uzito wote peke yake, na litapata moto au kukwama.

Fundo lenyewe ni mizunguko minne kuelekea juu. Miwili ya chini iache ikiwa imelegea kidogo. Ncha ishuke, ipite mbele ya sehemu ya kamba inayotoka kwenye karabina, izunguke nyuma ya kamba kuu, kisha ipenyezwe ndani ya ile mizunguko miwili ya chini na kutokea kati ya wa pili na wa tatu. Kosa linalotisha ni ncha kupenyezwa bila kuvuka mbele ya ile sehemu ya karabina. Kwa macho ya haraka fundo hilo linafanana na lililo sahihi, ila linaweza kuachia. Mwishoni mwa ncha funga fundo la nane (lenye umbo la tarakimu 8), kwa sababu kamba ikikazwa na kulegezwa mara nyingi mkia huingia ndani kidogo kidogo. Kisha ning'inia nusu mita tu kutoka ardhini, ruka-ruka, utazame kama linashika. Kofia iwe kichwani tangu hapo.

Akiba ya kwanza inatoka kwenye kamba hiyohiyo na haikugharimu kitu. Kila unapopanda mita 3 hivi, chukua kamba iliyo chini kidogo ya fundo la Blake, funga fundo la nane lenye kitanzi, na ukiingize kitanzi hicho kwenye karabina yake pekee, mbele ya hanesi. Wako wanaoliacha fundo hilo likining'inia tu, wakitegemea kwamba Blake likiteleza litagota hapo. Hiyo inazuia kuteleza. Haizuii Blake kufunguka au kukatika. Kitanzi kikiwa kimefungwa kwako, pande zote mbili za kamba zimekushika hata kama Blake halipo. Ukifika mita 3 nyingine funga kipya kwanza, ndipo ufungue cha zamani. Usiliweke mbali na Blake: kadiri kamba iliyolegea kati yao inavyokuwa ndefu, ndivyo utakavyoanguka zaidi.

Lakini angalia: tawi likivunjika, mafundo yote hayo yanashuka na wewe. Hapo ndipo inapoingia kamba fupi ya kiunoni, yenye urefu wa mita 3 hadi 4, inayozungushwa kwenye shina na kurekebishwa kwa fundo la prusiki (kikamba chembamba kinachoviringishwa na kubana kamba) la mizunguko sita au kwa kifaa cha chuma. Binafsi naona kifaa cha chuma kinafaa zaidi kwa asiye na uzoefu, maana prusiki iliyokwisha kubeba uzito mara nyingine hugoma kulegea. Kamba hii ishike shina lenyewe, au tawi jingine zima, kamwe si lile la kamba kuu. Izungushe juu ya panda, pale shina linapogawanyika, au juu ya kisiki cha tawi nene. Kwenye shina lililonyooka lisilo na panda itateleza chini pamoja nawe, ikikwaruza kila kitu njiani, isipokuwa umeifunga kwa kitanzi kinachokaza.

Kulegea ndiko kunakoharibu mambo hapa. Kamba za kupandia miti hazinyumbuki kama zile za wapanda majabali. Zimetengenezwa zikubebe, si zikudake. Kamba fupi ya mita 1 ikiwa imefungwa usawa wa miguu yako, unaanguka mita 2 kabla haijakaza, na pigo lote linaishia kwenye nyonga na mgongo. Iweke usawa wa kiuno au juu zaidi, ikiwa imekaza. Kamba kuu nayo iwe na nanga juu ya kichwa chako muda wote. Ukishapanda juu ya nanga yako, hata kwa hatua moja ya kutafuta picha nzuri, umetoka kwenye mfumo.

Sasa kuhama. Umefika chini ya tawi la nanga na unataka kwenda juu zaidi. Kaza kamba fupi kwenye shina na uikalie, huku kamba kuu ikibaki ilipo. Chukua ncha ya pili ya kamba kuu, ile iliyokuwa inaning'inia chini, irushe juu ya tawi jipya, ifunge kwenye karabina nyingine na utengeneze fundo jipya la Blake. Vuta, hamishia uzito wako huko, sikiliza tawi. Likikubali, ndipo unapofungua mfumo wa zamani, na kamba fupi inakuwa ya mwisho kutoka. Ni kazi ya dakika kadhaa na mikono huchoka. Uchovu huo ndio unaowafanya watu waruke hatua, kwa hiyo pumzika ukiwa umekaa kwenye hanesi kabla ya kuanza, si katikati.

Kuhusu tawi: liwe bichi, unene usipungue sentimita 15 pale kamba inapokaa, na kamba iwe karibu na shina. Kabla ya mtu yeyote kupanda, watu wawili washike pande zote mbili za kamba, wasimame pembeni badala ya chini ya tawi, waning'inie na kutikisa. Miti yetu haifanani. Mwembe mzima hubeba vizuri, ila chunguza sisimizi wa maji moto kwanza; viota vyao vya majani yaliyoshonwa huonekana ukiwa chini. Mparachichi una matawi mepesi kuvunjika, uache. Mkaratusi una sifa ya kudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Mbuyu unavutia kila mtu, lakini ni laini na wenye nyuzi, na ndani unaweza kuwa mtupu bila gome kukuonyesha lolote. Uwazi huo pia ni nyumba ya nyuki.

Nyuki wanabadilisha hesabu ya akiba. Ukihitaji kushuka haraka, kila kishikizo lazima kifunguke kwa mkono mmoja bila kusubiri. Ile nane iliyo chini ya Blake haina uzito, hivyo inachomoka mara moja. Kamba fupi uliyoikalia ndiyo inayoweza kukuchelewesha, kwa hiyo jizoeze kuilegeza ikiwa na uzito ukiwa bado chini.

Karabina ziwe za kujifunga zenyewe, zinazotaka vitendo vitatu kufunguka. Zile za skrubu huweza kujifungua kamba ikisugua skrubu. Iliyoandikwa kN 22 (kilonewtoni, kipimo cha nguvu) hubeba hivyo kwa urefu wake tu; ikikaa upande, nyingi zinashuka hadi 7 au 8. Baada ya kufunga, bonyeza mlango kwa kidole kila mara. Na vile vitanzi vya pembeni vya kutundikia vifaa havikutengenezwa kumbeba mtu, ingawa vinaonekana imara na viko karibu na mkono. Jicho likiwa kwingine ni rahisi kufunga kamba fupi hapo.

Kamba ya manila ya duka la vifaa vya ujenzi isiingie kabisa kwenye mfumo huu, hata kama akiba. Nyingi ni za polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 160, na fundo linaloteleza hutoa joto jingi mahali padogo. Jua nalo huidhoofisha kimyakimya.

Chini awepo mwenzako anayejua kupanda, na kamba ya pili iwe tayari mtini, imejaribiwa. Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na hapo vishikizo vyake vyote, vikiwa vizima kabisa, vitakuwa vinamweka pale asipotakiwa kukaa.

Wakati wa kushuka, fungua kwanza ile nane ya akiba iliyo chini ya Blake, ila usiiguse nane ya mkia wa Blake wala fundo la kuzuia lililo kwenye ncha ya chini ya kamba, lisilokuruhusu kushuka ukapitiliza mwisho wake. Shuka polepole, mkono juu ya Blake, mwingine chini kwenye kamba. Ukiona fundo limepata mng'ao na ugumu kama plastiki, sehemu hiyo imeungua: ikate, ufunge upya kwenye kamba nzima.