Taa zilizokula betri mbili

Kigari kilizima njia ya Raskazone, Tanga, saa mbili usiku, masika ya 2017 yakikatika. Taa za mbele zilianza kuwa nyekundu, kisha mota ikaishiwa nguvu. Mimi na mjomba tukakisukuma hadi nyumbani Chumbageni.

Ni kigari cha gofu, Club Car DS cha miaka ya themanini, volti 36, betri sita za volti 6 zilizofuatana mkia kwa kichwa. Mjomba alikitoa kwenye ua wa hoteli, akakifungia taa mbili za wati 55, taa za breki, indiketa na honi ili kipite barabarani. Fremu yake ni ya aluminiamu. Kwa upepo huu wa chumvi, fremu ya chuma ingekuwa imeshaliwa.

Asubuhi fundi jirani alikitazama akasema, "Shikamoo mzee. Hizo betri zimekwisha, nunua sita mpya." Mjomba aliitikia marahaba, akanigeukia: "Mpwa wangu, hebu pima kwanza." Betri zilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tu.

Jumla ilisoma volti 36.8. Namba hiyo hudanganya, maana inaficha aliyeshiba na mwenye njaa. Nilipopima moja moja, nne zilikuwa na 6.21 na mbili 5.98. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ya betri (namba ikipanda, chaji ni nyingi), ikathibitisha: nne zilisoma 1.225, mbili 1.150, na vyumba (seli) vyote vitatu vya kila betri vilikaribiana. Hilo la vyumba ndilo lililonipa moyo. Chumba kimoja kikiwa chini peke yake, betri imeharibika ndani; vyote vitatu vikishuka pamoja, mara nyingi ni njaa.

Njaa ilitoka wapi? Nilifuata waya wa taa. Ulichukua umeme kwenye betri ya kwanza na ya pili, maana mbili za volti 6 ni 12. Ni njia ya mkato ya kila siku, na ndiyo inayoua. Taa za mbele na za nyuma zilivuta kama ampea 10. Zikiwaka kwa muda wa saa mbili kila jioni, ni ampea-saa 20 zinazotoka kwenye mbili hizo peke yake. Chaja nayo inapitisha mkondo ule ule kwa zote sita. Nne zikijaa zinachemka, volti inapanda, mshale wa ampea unashuka, mtu anachomoa akidhani kazi imekwisha. Mbili zinabaki na deni, na kila usiku deni linaongezeka. Nne nazo zinakausha maji bure.

Nilizitenga zile mbili, nikaziunga pamoja kwenye chaja ya gari ya volti 12, ampea 10, kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kesho yake tena. Hakuna aliyewasha kiberiti pale uani. Kabla ya kuchaji nilihakikisha maji yamefunika bamba za risasi za ndani tu. Kujaza hadi shingoni nilingoja mwisho, kwa maji ya betri yaliyokenekwa. Chupa ya asidi ni marufuku hapo: kinachopungua ni maji, asidi imo bado. Zilipanda hadi 1.245. Hazikurudi mpya, lakini zilirudi.

Kisha taa. Tulifunga konveta, kifaa cha kushusha volti, ya 36 kwenda 12, inayovuta kutoka betri zote sita, fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ufunguo ili konveta isinywe umeme gari likilala. Tulichagua ile ambayo upande wa kuingia haujaungana na wa kutoka, kwa sababu betri za kigari hiki hazigusi fremu hata kidogo. Balbu za wati 55 tukaziondoa, tukaweka LED za wati 18. Ampea 10 za betri mbili zikawa kama 1.3 za sita. Indiketa zikaanza kupepesa mbio: flasha ya zamani, kile kifaa kinachozipepesa, hudhani balbu imeungua inapoona mzigo mdogo. Flasha ya LED ikalimaliza hilo.

Baada ya wiki tatu nilipima tena, chaja ikiwa imetoka. Nne 1.270, mbili 1.250. Jioni ile mjomba aliwasha taa zote, akaenda Deep Sea kununua samaki, akarudi nazo zikiwa nyeupe.