Tulivyobadilishana Nyumba na Familia Tusiyoifahamu

Kubadilishana nyumba wakati wa likizo ni jambo jepesi kulieleza: wao wanakuja kukaa kwetu, sisi tunakwenda kukaa kwao, na hakuna anayemlipa mwenzake kodi. Wala si utaratibu mpya, kwani walimu wa Ulaya waliotafuta njia nafuu ya kusafiri walianzisha Intervac, mtandao wa kubadilishana nyumba, mwaka 1953, na kwa miaka mingi orodha za nyumba zilisafiri kwa posta kabla ya intaneti kuja. Ugumu unaanza pale unapotambua kwamba unayemkabidhi ufunguo humjui, naye anakukabidhi wake kwa wasiwasi uleule.

Sisi tuliupunguza wasiwasi huo kwa kuambiana ukweli mapema. Baada ya kuandikiana kwa muda tulipigiana simu ya video, kila upande ukapitisha kamera chumba hadi chumba, nami nikawaonyesha hata yale ambayo picha nzuri huyaficha: unyevu kwenye ukuta wa bafu, ngazi nyembamba, na dirisha la chumba cha watoto linaloingiza kelele za magari tangu alfajiri. Mume wangu alihofu kwamba tungewakimbiza. Badala yake mama wa nyumba ile alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi, dada, nasi tuwaambie ya kwetu,” akaanza na maji ya moto yasiyotosha watu wawili kuoga kwa kufuatana. Kuanzia hapo niliwaamini.

Bima ndiyo iliyonichosha zaidi, na ningemsihi yeyote asiiruke. Mikataba mingi ya bima ya nyumba na vyombo huwekwa kwa kuzingatia kwamba anayeishi humo ni mwenyewe, kwa hiyo niliiandikia kampuni yetu, nikaeleza kwamba wageni hawatatutoza wala kutulipa kodi, nikaomba jibu la maandishi na kuwatumia wenzetu nakala. Magari tuliyaacha nje ya makubaliano, kwa sababu dereva asiyetambuliwa na bima akipata ajali, gharama zinaweza kumwangukia mwenye gari. Mengine tuliyaandika kwenye ukurasa mmoja na kuutia saini: tarehe, idadi ya watu watakaolala, nani alipe umeme na maji, chombo kikivunjika iweje, na hatua za kuchukua iwapo upande mmoja utalazimika kuahirisha safari.

Kazi niliyoipenda ni kuandika daftari la nyumba. Nilizunguka nyumba yangu kama mgeni, nikagundua ni mambo mangapi mikono yetu inayafanya bila sisi kuyafikiria. Mlango wa mbele haufunguki mpaka uuvute kidogo kuelekea kwako ndipo uzungushe ufunguo. Nisingekumbuka kuliandika hilo kama nisingesimama nje, kalamu mkononi, nikaufungua polepole. Nilichora mahali ilipo koki kuu ya maji, nikabandika karatasi kwenye swichi kuu ya umeme, nikaandika siku ya kutoa taka na namba ya jirani aliyebaki na ufunguo wa akiba. Hati zetu na vitu vya thamani tulivifungia katika kabati moja, lakini makabati mengine tuliyaacha matupu kabisa, maana mgeni hawezi kutulia akiishi kwenye sanduku lake.

Tulipofika kwao tulikuta shuka safi zimetandikwa, rafu moja ya friji imeachwa wazi kwa ajili yetu, na daftari lao mezani. Watoto wetu walilala chumba chenye vitabu na vitu vya kuchezea vya wenzao, jambo ambalo hoteli isingewapa. Siku ya kuondoka tulifua shuka, tukapiga picha za mita na za kila chumba, tukazituma kabla ya kufunga mlango. Zao nazo zilikuja jioni ile ile, pamoja na taarifa ya bilauri moja iliyovunjika na nyingine ya kuifidia waliyokwisha kuiweka kabatini.