Jinsi nilivyoirudishia dhahabu thamani yake mchezoni

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons ninaouendesha (mchezo wa mezani ambapo wachezaji huigiza mashujaa na mwendeshaji husimulia hadithi), dhahabu ilikuwa imeshuka hadhi kiasi kwamba wachezaji walimlipa mwenye nyumba ya wageni sarafu ya dhahabu kwa bakuli la supu, wala hawadai chenji. Biashara ikafa. Nani ahangaike kusafirisha chumvi wakati pango moja la joka linamtajirisha?

Suluhisho lilikuwemo kwenye kanuni zenyewe. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na sarafu 10 za fedha ni sawa na 1 ya dhahabu. Yaani dhahabu moja ni ujira wa siku 5! Nikahamishia bei zote za kijijini kwenye fedha na shaba, na mwenye nyumba ya wageni akaanza kuikataa dhahabu kwa kukosa chenji.

Kisha uzito. Sarafu 50 ni ratili 1, kwa hiyo hazina ya sarafu 5,000 ni ratili 100 za kubeba. Hapo ndipo mambo yalipochangamka: wakanunua punda, wakakodi walinzi, halafu wakagundua chama cha wafanyabiashara kinachopokea dhahabu mji mmoja na kutoa hati ya kuichukulia mji mwingine, kwa ada. Ada hiyo wanaibishania kuliko mapigano, na mimi nafurahi mno.

Bei za bidhaa nilizitofautisha kidogo tu: chumvi rahisi bandarini, ghali machimboni. Msafara wao wa kwanza uko njiani, na majambazi wameshapata habari.